Kupuliza dawa ya magugu inayochagua: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila msimu. Nimepuliza dawa, mahindi yamegeuka manjano, nifanyeje? Dawa gani inaua magugu yote kwenye mahindi yaliyochanganywa na maharage? Nyasi zimekufa lakini ndago imesimama vilevile, niongeze dozi? Ukifuatilia utakuta mara nyingi dawa ilinunuliwa kabla magugu hayajatazamwa, na bomba likavaliwa mgongoni kabla halijapimwa. Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine: sehemu kubwa ya kazi utaimaliza kabla hujafungua chupa.

Kwa upande wa nadharia, shika hili tu. Dawa inayochagua, yaani ile inayoua magugu na kuliacha zao, kwa kweli haijui zao ni lipi na gugu ni lipi. Zao linapona kwa sababu mwili wake unaivunja dawa ile haraka kuliko gugu, au kwa sababu mbegu yake imekaa chini ya tabaka la udongo lenye dawa. Mahindi yanaivunja atrazini, maharage hayawezi. Na uwezo huo una mipaka. Zao likipulizwa katika umri usiofaa, likiwa limedhoofishwa na ukame, baridi au maji yaliyotuama, au likipewa dozi maradufu, nalo linaungua. Glifosati na parakwati hazimo kabisa katika kundi hili. Hizo huua karibu kila mmea wa kijani unaoguswa, na haziingii juu ya zao la kawaida lililokwisha kuota.

Majina ya dawa nimeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye lebo utayakuta kwa tahajia ya kigeni, chini ya jina la biashara, pale panapotajwa kiambato, yaani kile kitu chenyewe kinachoua gugu.

Andaa hivi vyote kwanza

- Bomba la mgongoni lisilovuja. Lijaze maji, pampu, liache dakika chache, kisha pitisha mkono kwenye maungio yote.
- Nozeli bapa, ile inayotoa unyunyu mpana na mwembamba. Nozeli ya koni ni ya dawa za wadudu na ukungu. Matone yake ni madogo mno, upepo unayapeleka usikokusudia.
- Chombo cha kupimia chenye alama za mililita, na mzani mdogo kwa dawa za chenga au unga. Kizibo cha soda si kipimo.
- Ndoo mbili, kitambaa safi cha kuchujia, na maji safi yasiyo na tope.
- Futi ndefu au kamba iliyopimwa, na vijiti vinne.
- Glavu za nitrili (za ngozi au kitambaa hunyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi yako), gambuti, miwani, nguo za mikono mirefu, na barakoa ya aina iliyotajwa kwenye lebo. Miguu ya suruali ikae nje ya gambuti ili dawa isichuruzikie ndani.
- Sabuni na ndoo ya maji ya kunawa, viwe palepale shambani.

Hatua

1. Yatambue magugu yako. Pita shamba lote kwa kukatiza, usiishie kwenye kingo za njia. Unatafuta makundi matatu: majani mapana (mchicha pori, kishona nguo), jamii ya nyasi, na ndago. Wengi wanachanganya nyasi na ndago, na hapo ndipo pesa ya dawa inapopotea. Ling'oe gugu, chukua shina lake karibu na chini, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia pembe tatu zinakugonga kidole, hiyo ni ndago. Likizunguka laini au likawa bapa, tena lina vifundo, ni nyasi. Angalia pia mizizi. Ndago ina vitunguu vidogo ardhini, na sangari ina mizizi mirefu inayotambaa. Magugu ya namna hiyo hayamalizwi kwa mpulizo mmoja.

Andika gugu lililo jingi zaidi na lina majani mangapi. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kununua dawa.

2. Linganisha zao, gugu na dawa. Vyote vitatu vikubaliane. Viwili havitoshi.

Kwenye mahindi, atrazini hushughulikia zaidi majani mapana. S-metolaklori hushika nyasi na baadhi ya majani mapana ya mbegu ndogo, nayo hupulizwa kabla magugu hayajaota. Magugu yakishaota, nikosulfuroni hufaa kwa nyasi na baadhi ya majani mapana, mesotrioni na 2,4-D kwa majani mapana, halosulfuroni kwa ndago. Kuwa mwangalifu na mahindi matamu, ya bisi, na mistari ya wazazi ya kuzalishia mbegu. Baadhi yake huumizwa vibaya na nikosulfuroni.

Mtama si mahindi. Nikosulfuroni inaua mtama wa kawaida, na S-metolaklori inahitaji mbegu ya mtama iliyotiwa kinga maalumu kiwandani.

Kwenye maharage, soya na karanga, nyasi zinapigwa na fluazifopu, haloksifopu au klethodimu. Dawa hizi haziyagusi majani mapana wala ndago. Kwa majani mapana ipo bentazoni, ambayo huua pale inapogusa tu, hivyo lazima jani lilowe sawasawa. Usichanganye bentazoni na dawa ya nyasi kwenye bomba moja isipokuwa lebo inaruhusu, maana hupunguza nguvu ya dawa ya nyasi.

Kwenye ngano, 2,4-D hupulizwa baada ya machipukizi kukamilika na kabla shina halijaanza kurefuka. Kwenye mpunga, propanili ina adui mmoja mkubwa: dawa za wadudu za kundi la oganofosfati na kabamati. Zikipulizwa siku za karibu na propanili, mpunga unashindwa kuivunja propanili na unaungua.

Sasa swali la mahindi na maharage kwa pamoja. Baada ya mazao yote mawili kuota, atrazini, 2,4-D, nikosulfuroni na mesotrioni zote zitaua au kuharibu maharage, na dawa za nyasi za maharage zitaua mahindi. Nafasi yako iko kabla ya kuota, kwa dawa kama S-metolaklori ambayo mazao yote mawili huistahimili, mradi lebo iliyo mkononi mwako inayataja yote mawili. Ukiipitisha nafasi hiyo, shika jembe. Hakuna njia ya mkato hapa, na anayekuuzia dawa kwa ahadi tofauti anakuuzia hasara.

3. Soma lebo kabla ya kulipa. Tafuta haya: kiambato, mazao yaliyotajwa, dozi kwa hekta, umri wa zao na wa gugu, saa zinazotakiwa kabla ya mvua, muda wa kurudi shambani, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mazao yasiyoruhusiwa kufuata. Hilo la mwisho husahaulika sana. Atrazini inaweza kubaki ardhini na kuunguza maharage au mboga za msimu unaofuata. Hakikisha pia dawa imesajiliwa nchini mwako kwa zao lako, kwa kuwa sheria hutofautiana. Atrazini hiyohiyo hairuhusiwi katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Kwenye lebo nyingi kuna namba ya kundi la dawa, inayoonyesha namna dawa inavyoua gugu. Iandike. Atrazini ni kundi la 5, 2,4-D ni la 4, nikosulfuroni ni la 2, fluazifopu ni la 1, S-metolaklori ni la 15, mesotrioni ni la 27. Kubadilisha jina la biashara huku namba ni ileile si kubadilisha dawa.

4. Pima bomba pamoja na miguu yako. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Utasikia watu wakiambiana "weka mililita 200 kwa bomba". Ushauri huo hauna maana kama hujui bomba hilo linamaliza eneo gani likiwa mgongoni mwako.

Pigia vijiti eneo la mita 10 kwa 10 ndani ya shamba lenyewe, si barabarani, kwa sababu kwenye matuta unatembea taratibu zaidi. Jaza maji matupu hadi alama unayoiona vizuri. Puliza eneo lote kwa mwendo utakaoumudu siku nzima, ukipampu kwa mpigo uleule, nozeli ikiwa kama sentimita 50 juu ya magugu. Rudi, jaza tena hadi alama ile huku ukipima maji unayoongeza. Rudia mara ya pili. Matokeo yakitofautiana sana, mwendo wako bado haujatulia.

Tuseme umetumia lita 2. Eneo ni mita za mraba 100, na hekta ina mita za mraba 10,000, hivyo unatumia lita 200 kwa hekta. Bomba la lita 16 litamaliza mita za mraba 800, na hekta nzima itachukua mabomba 12 na nusu.

5. Hesabu dozi ya bomba lako. Lebo ikisema lita 2.5 kwa hekta, gawa mililita 2,500 kwa 12.5. Unapata mililita 200 kwa bomba.

Mwenzako anatembea polepole na ametumia lita 3 kwenye eneo lilelile. Bomba lake la lita 16 linamaliza kama mita za mraba 533, na hekta inamchukulia karibu mabomba 19. Dozi yake ni kama mililita 133 kwa bomba. Akifuata ile 200 ya kuambiwa, atamwaga lita 3.75 kwa hekta, mara moja na nusu ya dozi, kisha aseme dawa ni mbaya. Anayetembea haraka anakosea upande wa pili: gugu linapata dozi pungufu na linanusurika.

Ukipima kwa ekari, kumbuka hekta moja ni takriban ekari 2.47.

6. Chagua siku. Kwanza umri. Magugu yawe madogo, majani 2 hadi 4. Yakishapita sentimita 10, dozi ya lebo mara nyingi haitoshi. Kwa zao, fuata lebo. Kwenye mahindi, dawa nyingi za baada ya kuota hutaka majani 3 hadi 6. Njia iliyozoeleka ya kuhesabu ni hii: anzia lile jani la kwanza la chini lenye ncha ya mviringo, panda juu, na hesabu kila jani ambalo shingo yake imeonekana, yaani ule mstari uliopauka pale jani linapoachana na shina. Majani ya juu yaliyojiviringisha usiyahesabu.

Kisha hewa. Unataka upepo wa taratibu unaotikisa majani bila kuyumbisha matawi. Hewa iliyotulia kabisa alfajiri au jioni si salama kama inavyoonekana, maana matone madogo huning'inia na kuhama pamoja hadi shamba la jirani. Acha kazi joto likipita nyuzi 30, umande ukiwa unadondoka kwenye majani, au mvua ikikaribia ndani ya saa zilizotajwa kwenye lebo.

Dawa za kabla ya kuota zina hitaji lake: udongo uliolainishwa bila mabonge, wenye unyevu, na mvua ya kiasi au umwagiliaji ndani ya wiki moja hivi ili dawa ishuke hadi zilipo mbegu za magugu. Kwenye kichanga tumia dozi ya chini iliyotajwa.

7. Changanya. Vaa kila kitu sasa, maana dawa isiyochanganywa ndiyo kali zaidi. Weka maji nusu ya bomba kwanza. Dawa ya unga au chenga ikoroge kwenye ndoo yenye maji kidogo hadi iyeyuke, ichuje, ndipo uimimine. Kama lebo inaruhusu mchanganyiko, tangulia na unga na chenga, fuata na dawa nzito za maji, kisha za mafuta, na mwisho kile kiowevu cha kusaidia dawa kunata. Jaza maji na koroga. Andaa kiasi utakachomaliza leo.

8. Puliza. Anzia upande ambako upepo unaelekea, tembea ukiukatiza, na kila mstari mpya usogee kule upepo unakotoka. Hivyo huingii kwenye unyunyu wako. Shikilia mkono wa bomba wenye nozeli sehemu moja mbele yako. Usiuyumbishe kushoto na kulia, maana katikati panapata mara mbili na kingo zinakosa. Achia kibonyezo cha kutolea dawa unapogeuka mwishoni mwa mstari. Nozeli ikiziba, izibue kwa maji na mswaki laini. Usiipulize kwa mdomo, usiichokonoe kwa waya.

9. Osha bomba siku hiyohiyo. Suuza mara tatu, ukipitisha maji kwenye mpira na nozeli, na maji hayo yapulizie kipande cha shamba hilohilo ulichokiacha kwa makusudi. Kamwe yasiende mtoni wala kisimani. Kwa 2,4-D na dawa za jamii ya nikosulfuroni maji matupu hayatoshi. Tia amonia ya kusafishia, mililita 10 kwa kila lita ya maji, iache ndani hadi kesho yake, kisha suuza tena. Usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana hutoa hewa ya sumu. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo atenge bomba moja la 2,4-D tu. Mabaki yake machache yanatosha kukunja maharage na nyanya.

Chupa tupu isuuze mara tatu wakati wa kuchanganya, maji yake uyamimine ndani ya bomba, itoboe, na isitumike tena kwa maji, mafuta wala chochote.

10. Andika na urudi kukagua. Tarehe, dawa na namba ya kundi, dozi, hali ya hewa. Kagua siku ya 7, ya 14 na ya 21.

Mambo yakienda kombo

*Siku tatu zimepita, nyasi bado za kijani.* Subiri. Fluazifopu na ndugu zake huchukua siku 10 hadi 21. Baada ya wiki moja hivi shika jani changa la katikati ya nyasi, livute taratibu. Dawa ikiwa imefika, jani linachomoka bila ubishi na mwisho wake wa chini ni wa kahawia, umelainika na kuoza. Nyasi itakauka yenyewe. Kurudia dozi wakati huu ni kupoteza dawa na kulitesa zao.

*Magugu yamebaki kwa mistari.* Ni mwendo, mkono au nozeli. Kinga unyunyu wa dakika moja kwenye chombo ulinganishe na nozeli mpya ya aina ileile. Ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10, badilisha.

*Aina moja imebaki, nyingine zote zimekufa.* Rudi kwenye lebo: huenda gugu hilo halimo. Lakini ukikuta mimea ya aina ileile, mmoja umekufa na wa kando yake mzima, na una hakika dozi ilikuwa sahihi, shuku usugu, yaani gugu lisilouawa tena na dawa hiyo. Ung'oe kabla haujatoa mbegu, na msimu ujao tumia kundi lenye namba nyingine pamoja na palizi. Usugu dhidi ya kundi la atrazini ulikwisha kuonekana katika jimbo la Washington, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, na umeenea kwa sababu ya kurudia dawa moja miaka mfululizo.

*Dawa ya kabla ya kuota haikufanya kitu.* Mara nyingi ni ukame baada ya kupuliza, au magugu yalikuwa yameshachipua. Yatambue yaliyoota na uhamie dawa ya baada ya kuota, au palilia.

*Mahindi yamekuwa meupe au manjano.* Tazama jani jipya linalotoka katikati. Likiwa la kijani, mmea unapona, na weupe wa mesotrioni kwa kawaida hufifia ndani ya wiki moja au mbili. Jani jipya nalo likitoka limekunjamana, jiulize kama ulitumia dawa ya wadudu ya oganofosfati, mfano klorpirifosi, siku za karibu na nikosulfuroni au mesotrioni. Lebo inataja siku za kuzitenganisha.

*Mahindi yameinama baada ya 2,4-D na mashina yanakatika.* Yalipulizwa yakiwa makubwa au wakati wa joto kali. Usiingize jembe wala kutembea katikati ya mistari kwa siku 10 hivi. Mashina huwa dhaifu kipindi hicho, na mengi hurudi kusimama.

*Mvua imenyesha saa moja baada ya kupuliza.* Linganisha na muda wa lebo. Kama ulikuwa haujatimia, usirudie kesho yake, sehemu ya dawa imeshaingia. Ngoja wiki mbili uone kilichobaki, na upulize upya tu kama umri wa zao na jumla ya dozi ya msimu bado vinaruhusu.

*Ndago imerudi.* Vitunguu vilivyokuwa vimelala ardhini vimechipua. Piga chipukizi hizo zikiwa na majani machache kwa dawa iliyotajwa kwa ndago, na panga kufanya hivyo zaidi ya msimu mmoja.

*Dawa imenirukia.* Vua nguo iliyolowa hapohapo, osha ngozi kwa sabuni na maji mengi. Jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na zaidi. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika isipokuwa daktari au lebo imeelekeza hivyo. Nenda kituo cha afya ukiwa na lebo au chupa yenyewe, kwa kuwa mganga atahitaji kulisoma jina la kiambato.